Mama Patashika Hajafa

"Umeiona?"

"Nimeona nini, Humphrey? Ndiyo kwanza natoka kazini, hata mkanda wa gari sijafunga."

"Fungua WhatsApp. Nimekutumia kitu. Fungua sasa hivi tukiwa hewani, nataka nisikie unavyocheka."

Yasinta aliegemeza kichwa kwenye kiti. Gari lake lilikuwa bado kwenye maegesho ya nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi, huko DeSoto, kusini mwa Dallas. Jua la Septemba lilikuwa limeupika usukani mpaka haushikiki. Humphrey alikuwa anapiga kutoka Katy, ng'ambo kabisa ya Houston, na kwenye sauti yake kulikuwa na kicheko alichokuwa akikizuia kwa shida.

Akafungua.

Ilikuwa video fupi, imechakaa, ina mistari mistari. Mwanamke mwenye makalio kama magunia mawili, jino moja jeusi, khanga kifuani, alichomoka dirishani kichwa chini miguu juu na sufuria la pilau kichwani, akatua uwanjani kwa kishindo. Kuku wakatawanyika. Akainuka taratibu, akapangusa wali machoni, akawatazama majirani waliosimama midomo wazi.

"Mnashangaa nini?" akawafokea. "Hamjawahi kuona mtu akishuka kwake?"

Yasinta aliifunika simu kwa kiganja.

"Mbona hucheki?" Humphrey aliuliza.

"Nacheka."

"Sikusikii."

Akalazimisha kicheko. Kilitoka kibovu, kama cha mtu anayekabwa.

"Anaitwa Mama Patashika," Humphrey aliendelea kwa furaha. "Ni filamu za zamani, wakati huo mimi nilishaondoka Moshi zamani. Kuna jamaa kazini anasema nchi nzima ilikuwa inamjua. Wewe ulikuwa Dar miaka ile. Ulikuwa unamfahamu?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalifika kabisa kwenye ulimi, yakasimama.

"Nilimsikia tu," Yasinta alisema. "Mpenzi, niko kwenye ku-drive, nita-call baadaye."

Gari halikuwa limewashwa hata injini.

Mwanamke yule aliyechomoka dirishani alikuwa yeye.

*

Ilikuwa miaka ambayo filamu za vichekesho za Kiswahili ndiyo kwanza zinaanza kuuzwa kwenye mikanda pale Kariakoo. Yasinta alikuwa binti mwembamba wa Temeke, mrefu, mwenye aibu mbele za watu na vituko visivyoisha akiwa na wenzake kwenye kikundi cha maigizo. Kiongozi wa kikundi, Mzee Shem, alikodi kamera ya mpiga video za harusi, akamfunga Yasinta mito miwili nyuma, akampaka masizi jinoni, akamwambia, "Sasa wewe ni mke wa mtu, una njaa, na mumeo amefungia pilau chumbani. Fanya unavyojua."

Hakukuwa na maandishi yoyote. Yasinta akafanya alivyojua. Mpiga kamera alicheka mpaka picha ikatikisika, wakarudia.

Mkanda ule ulikwenda mjini kama moto. Kwenye vibanda vya video watu walikaa hadi sakafuni. Yasinta alikuwa akijifunika mtandio, anaingia kimyakimya, anasimama nyuma gizani kusikiliza. Kile kicheko cha watu waliochoka na siku yao, kikipanda kwa pamoja kwa sababu ya jambo alilolifanya yeye, kilimpa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwingine. Wakatengeneza mkanda wa pili, wa tatu, wa nne. Barabarani watoto wakamfuata wakiimba jina la Mama Patashika. Jina lake la ubatizo likabaki kwa mama yake tu.

Akachumbiwa na Rogers, mwalimu wa sekondari, kijana mstaarabu. Jumapili ya kwanza ya matangazo ya ndoa, katekista alisimama mbele akasoma jina la Rogers, kisha la Yasinta.  Halafu mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si ni Patashika huyo!" Kanisa zima likacheka. Katekista naye akageuza uso ukutani mabega yakimtetemeka. Rogers alikuwa ameketi kando yake. Yasinta aliuona mkono wa Rogers ukijiondoa kwenye mkono wake, kidole kimoja kimoja.

Jioni alikuja kwao.

"Siwezi, Yasinta. Mimi nasimama mbele ya wanafunzi. Nikikuoa, nitafundisha nini?"

"Rogers, ile ni kazi. Mimi si yule."

"Najua wewe si yule. Watu ndio hawajui."

Hakuigiza tena. Shangazi yake aliyekuwa Texas akamvuta, akasoma uuguzi, akavaa miwani, akanenepa kidogo kwa unene wake wa kweli, na ukaja wakati ambapo hakuna aliyemgeukia dukani. Aliishi hivyo kwa amani, amani ya mtu aliyefunga mlango na kukaa nyuma yake akiushikilia.

Humphrey alikutana naye mwaka 2017, wiki ambayo mafuriko ya kimbunga Harvey yaliizamisha Houston. Nyumba yake ya Katy ilijaa maji, akaja Dallas kwa rafiki wa kanisani. Yasinta alikuwa miongoni mwa waliogawa nguo ukumbini. Akamkuta mwanamume mrefu, mjane, aliyevaa kiatu kimoja cha ngozi na ndala moja.

"Baba, hivyo ndivyo mnavyovaa Katy, au ni mguu mmoja tu uliookoka?"

Ilimponyoka. Humphrey alimtazama, kisha akacheka, akacheka mpaka akaketi kwenye maboksi na machozi yakamtoka. Baadaye alimwambia kwamba tangu amzike mkewe Bernadette, hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza. Yasinta alifurahi na akaogopa hapohapo. Tangu siku ile alimpenda kwa tahadhari, akiupima kila utani kabla ya kuutoa.

Sasa ilikuwa 2019. Pete ilikuwa kidoleni. Ndoa ilikuwa Desemba, Houston.

*

"Mwambie," alisema Joyceline.

Joyceline alikuwa jirani yake na mtu pekee Marekani nzima aliyeijua siri ile, kwa kuwa alikulia Mbeya akitazama mikanda yake. Walikuwa jikoni kwake, chai ya tangawizi imewapoa mbele yao.

"Nimwambieje? Amekwisha kunitumia mpaka stika, Joy. Jana nimemuuliza kama amekula, akanijibu kwa uso wangu mwenyewe, jino jeusi na wali puani."

Joyceline aliuma mdomo asicheke.

"Cheka tu," Yasinta alisema kwa uchungu. "Kila mtu anacheka."

"Shosti, Humphrey si Rogers."

"Rogers naye hakuwa Rogers mpaka siku ile kanisani. Unajua Humphrey aliniambia nini juzi? Kaangalia mkanda mzima YouTube, akasema, 'Ukioa mwanamke kama huyu nyumba inakuwa sarakasi.' Kwa maneno yake, Joy."

"Alikuwa anatania."

"Hata kule kanisani walikuwa wanatania."

"Na dada yake je? Si ulisema anakuja kutoka Moshi kwa ajili ya harusi?"

Yasinta alikisukuma kikombe pembeni. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Dada Immaculate alikuwa mtu wa nyumbani, mtu mzima, aliyekuwepo wakati mikanda ile ikizunguka. Kila walipopigiana simu, Yasinta aliongea naye kwa sauti ya chini, ya upole wa kujitengenezea, mpaka Immaculate akamwambia kaka yake, "Wifi yetu ana sauti ya mtu wa sala." Sasa angekuja, aketi naye meza moja, amtazame usoni.

"Kila siku unayochelewa," Joyceline alisema, "unamwongezea sababu ya kukasirika. Filamu zile hazina ubaya wowote. Kuficha ndiko kubaya."

"Nitamwambia dada yake akishaondoka."

"Dada yake anakuja kwenye harusi, Yasinta. Utamwambia ukiwa umeshavaa shela?"

*

Immaculate alitua Houston katikati ya Novemba. Jumamosi iliyofuata, Yasinta alipotoka kazini mchana, simu ilikuwa imejaa jumbe. Kabla hajafungua hata mmoja, Humphrey akapiga. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Yasi, umesikia?"

"Nini tena?"

"Yule mama amefariki. Mama Patashika."

Yasinta alisimama katikati ya maegesho. Gari lililokuwa nyuma yake likapiga honi, hakusogea.

"Nani kasema?"

"Iko kila mahali. Tanzia, picha, mishumaa. Wanasema alikuwa mgonjwa muda mrefu, amekufa bila mtu kujua aliko. Sijui kwa nini imeniuma hivi, hata sikuwahi kumwona. Dada hapa analia tangu asubuhi."

"Analia?"

"Analia kweli. Pole tu, nimekwambia vibaya, ukiwa umechoka na kazi."

"Ahsante," alisema Yasinta, maana hakujua kingine cha kusema mtu anapopewa pole kwa kifo chake.

Alipokata simu akaziona jumbe. Nyingi zilikuwa za mjomba Faustine, mdogo wa mama yake.

"Yasinta pokea simu."

"Yasinta uko hai? Tupigie."

"Mama yako ameanguka. Tumempeleka hospitali. Pressure."

Alikosea namba mara mbili. Temeke ilikuwa usiku tayari. Faustine alipokea kwa mlio wa kwanza, akapiga kelele ya furaha, akampelekea mama yake simu kitandani.

"Mama, shikamoo. Ni mimi. Niko hai, niko mzima."

"Mnanidanganya," sauti dhaifu ilijibu. "Siku hizi sauti inaigwa."

"Mama, weka video unione."

Uso wa mama ukatokea, umelegea, macho mekundu. Akamtazama mwanawe kwenye kioo kwa muda mrefu. 

"Vua miwani."

Yasinta akavua. Mama akashusha pumzi, akaanza kulia taratibu.

"Wamefunga turubai nyumbani, Yasinta. Wamekuja na vyungu. Niliwaambia, mwanangu yuko Marekani, tuliongea wiki iliyopita. Wakaniambia, pole mama, tunaelewa. Kadiri ninavyosema hujafa ndivyo wanavyonishika mabega. Wanasema uchungu umenipanda kichwani. Mimi nimeonekana kichaa kwenye uwanja wangu."

"Nitamwambia mjomba awaambie, mama."

"Kawaambia. Hawamsikii, wanasema anamfariji dada yake. Waambie wewe. Jitokeze wakuone." Akavuta pumzi. "Unamwogopa nani huko, mwanangu, hata ukubali kufa?"

*

Alijua akijitokeza kwenye mtandao, Humphrey angeona ndani ya saa moja. Hakutaka ajue kwa simu. Jumapili asubuhi na mapema alishika barabara kuu ya kusini. Njia nzima alijifunza maneno. "Humphrey, kuna jambo." Hapana. "Humphrey, unakumbuka ile video?" Hapana. Alipoingia Katy, kwenye nyumba zile mpya zinazofanana, alikuwa amesahau yote.

Immaculate ndiye aliyefungua mlango, mama mnene mwenye macho yaliyovimba.

"Wifi! Karibu, mama. Humphrey hakuniambia unakuja leo."

"Sikumwambia, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, utatukuta na msiba wetu wa ajabu."

Sebuleni Humphrey alikuwa kwenye kochi. Kwenye televisheni kubwa, Mama Patashika alikuwa amekwama ndani ya pipa. Humphrey akainuka, akamkumbatia, akamketisha katikati yao. Yasinta akajikuta ameketi akijitazama.

"Utatuona wajinga," Immaculate alisema akijifuta pua. "Ila huyu mama alituuguzia mama yetu. Mama alilala kitandani miezi mingi na saratani. Hali chakula, haongei. Siku moja kijana wa jirani akaleta mkanda. Mama akacheka, Wifi. Akaomba urudiwe. Ikawa kila tukitaka ale, tunaweka Mama Patashika. Alikula akicheka mpaka siku za mwisho."

"Mimi nilikuwa huku," Humphrey alisema taratibu. "Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, nikitoka sirudi. Sikumzika. Hili la mikanda dada kanisimulia jana tu. Sasa namwangalia huyu mama, nasikia kama mama yangu yuko chumba kile anacheka."

 Alikuja amejiandaa kwa dharau. Kwa hili hakujiandaa.

"Hajafa," alisema.

"Nani?"

"Huyo. Hajafa."

"Wifi, imetangazwa."

"Wamekosea. Hajafa kwa sababu ni mimi."

 Kisha Humphrey akacheka kidogo, na Immaculate naye akatabasamu ndani ya machozi, akampiga kofi la mapenzi begani.

"Wifi una utani kumbe!"

"Simtanii mtu, dada."

"Yasi, basi," Humphrey alisema. "Si leo."

Alitaka kulia. Hata ukweli wake ulikuwa unachekwa. Akavua miwani, akasimama kati yao na televisheni, akaweka mkono mmoja kiunoni, akalegeza taya kama Mzee Shem alivyomzoeza, na ile sauti aliyoizika miaka yote ikatoka, nene, ya puani, nzima kama ilivyokuwa.

"Mnashangaa nini? Hamjawahi kuona mtu akishuka kwake?"

Immaculate aliruka juu ya kochi na miguu yote. "Yesu na Maria! Humphrey! Humphrey, ni yeye!"

Humphrey hakucheka. Alimtazama Yasinta, kisha televisheni, kisha Yasinta tena, na uso wake ukafungika polepole. Akachukua rimoti, akazima.

"Nilikutumia mara ngapi?" aliuliza.

"Humphrey..."

"Video. Stika. Nimekutumia mara ngapi, na wewe unaniandikia 'haha'?"

"Niliogopa."

"Jana nimekupigia nikiwa na majonzi. Nimekuambia amekufa. Ukasema ahsante. Uliniacha nimlilie mtu ninayekwenda kumuoa."

"Uliniambia mwanamke kama yule nyumba inakuwa sarakasi."

"Nilisema hivyo?" Alionekana kushtuka kweli. Kisha akatikisa kichwa. "Hata kama. Miaka miwili, Yasinta. Filamu si tatizo, ningejivuna nazo. Ila mimi sasa sijui ulipocheka na mimi ulikuwa unacheka, au ulikuwa unaigiza."

"Na wewe sikuigiza hata siku moja."

"Nitajuaje?"

 Humphrey akafungua mlango wa nyuma, akatoka uani, akasimama akiwapa mgongo.

"Nenda nyumbani kwanza," alisema bila kugeuka. "Niache."

Immaculate alimfuata Yasinta hadi kwenye gari. Akaushika mkono wake, akaugeuza, akakibusu kiganja.

"Busu hili ni la mama," alisema. "Kwa kaka siwezi kukuombea, Wifi. Kwake yeye kufichwa ni donda, na wewe umeligusa palepale."

*

Video aliipiga asubuhi iliyofuata jikoni kwa Joyceline, akiwa na sare ya kazi.

"Niseme nini?" aliuliza.

"Sema jina lako, uanzie hapo."

Yasinta akatazama simu. "Naitwa Yasinta. Ndiye mimi mliyekuwa mkimwita Mama Patashika. Sijafa. Ni muuguzi, naishi Texas. Mlioko Temeke uwanjani kwa mama yangu, mama hajachanganyikiwa, alikuwa anawaambia ukweli. Mwombeni radhi, mfungue turubai, na huo wali mliopika mleni mtawanyike." Akasita. "Na mliokuwa mkinilia, ahsanteni. Sikujua kama kuna mtu ananikumbuka kwa wema."

Kufikia jioni watu wasiohesabika walikuwa wameitazama. Mama yake aliruhusiwa hospitali. Faustine aliandika kwamba amerudi nyumbani kwa bajaji akiwa ameinua simu juu, akiwaonyesha waombolezaji mmoja mmoja. Hata wazee wa kizungu aliokuwa akiwahudumia wakaonyeshwa na wauguzi wa Kikenya, bibi mmoja akamwomba aanguke kidogo tu. Kila mtu alikuwa ameona.

Humphrey alikuwa ameona pia. Alimtumia kwa WhatsApp, na zile alama mbili za buluu za kusomwa zilikuwepo. Jibu halikuwepo.

Siku zikapita. Yasinta akawa anaenda kazini simu mfukoni, kila ikitetemeka anaitoa haraka, kumbe ni mtangazaji wa redio Dar anataka mahojiano. Gauni la harusi lilining'inia mlangoni pa chumba, hakuweza kulitoa wala kulitazama.

Akamwandikia, "Padre anauliza kama mazoezi ya harusi yapo."

Jibu lilikuja kesho yake. "Sijui nimwambie nini."

Akalisoma mara nyingi, akitafuta kama ndani yake kuna mlango.

"Nimpigie?" alimuuliza Joyceline.

"Muache apoe."

"Akipoa kabisa je?"

Joyceline alimshika mkono. Yasinta aliwaza kumrudishia pete kwa posta kabla hajaombwa, ili safari hii asione mkono ukijiondoa. Aliitoa kidoleni, akaitia kwenye kikombe, akaitazama, akairudisha. Kuondoka wa kwanza kulikuwa ndiko kujificha kulekule.

Akaandika tena, na safari hii hakupima maneno. "Sitakimbia. Ukitaka kuniacha, niambie usoni. Ukitaka kuniuliza, uliza chochote, nitajibu hata kinachonitia aibu."

Jioni ile ile simu ikatetemeka.

"Jumamosi saa sita mchana. Madisonville, kwenye kile kituo kikubwa cha mafuta. Kila mtu aje nusu njia."

*

Alifika mapema, akamkuta Humphrey ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa zege nje, magari yanaingia na kutoka, vikombe viwili vya kahawa kando yake. Amekonda. Yasinta aliketi, akaacha nafasi kati yao.

"Nikueleze kwanza mimi," Humphrey alisema. "Halafu wewe. Bernadette aligundua ugonjwa wake mapema. Hakuniambia. Alikuwa anajipodoa, tunakwenda sherehe, anacheza, anacheka. Nilijua wiki ambayo daktari aliniita pembeni. Alidhani ananilinda. Mimi nilibaki na picha zote zile za furaha, sijui ipi ni ya kweli. Ulipovua miwani pale sebuleni, nilirudi palepale."

"Hukuwahi kuniambia."

"Sikuwahi kumwambia mtu." Akatazama kahawa yake. "Kwa hiyo na mimi nilikuwa na changu. Nimelifikiria hilo barabarani."

"Niulize basi."

"Ilikuwaje ukaacha?"

Akamweleza. Rogers, katekista, kanisa, mkono uliojiondoa kidole kimoja kimoja. Hakupamba. Humphrey alisikiliza bila kumkatiza, taya imekaza.

"Kwa hiyo kila nilipokutumia..."

"Nilikuwa narudi kanisani."

"Mungu wangu, Yasi." Akajifunika uso. "Mimi na stika zangu."

"Hukujua."

"Ulikuwa unaipenda kazi ile?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu waliuliza jinsi alivyoanguka asiumie, au mito ilikuwa mingapi. 

"Niliipenda kuliko kitu chochote," alisema mwishowe. "Nilikuwa nasimama nyuma ya kibanda nasikiliza watu. Naikosa mpaka leo. Nikiwa nageuza wagonjwa wangu kitandani, nawachekesha kwa siri, basi. Lakini kuna sehemu ninayoionea aibu, Humphrey. Si kuigiza kwenyewe. Niliona aibu kwamba nilikubali kuacha kwa ajili ya mtu ambaye hata hakupigana."

Humphrey alisogea, ile nafasi kati yao ikaisha.

"Usinifiche tena," alisema. "Hata likiwa baya. Nikasirike, nipige kelele, lakini nijue."

"Na wewe usiniache uani nikitazama mgongo wako. Nilikaa wiki nzima najiona naachwa."

"Sitarudia."

"Kwa hiyo..." Aliogopa kulimaliza swali. "Padre tumwambie nini?"

Kabla hajajibu, simu ya Yasinta ikaita. Mama, kwa video. Yasinta alitaka kuikata, Humphrey akamzuia.

"Pokea. Nimsalimie."

Mama alitokea amevaa kilemba kipya, nguvu zimemrudi. Alipomwona mwanamume pembeni akaisogeza simu karibu mpaka likabaki jicho moja.

"Huyo ndiye?"

"Shikamoo mama," Humphrey alisema, akijiweka sawa kama yuko mbele ya hakimu.

"Marahaba, baba. Mimi ni mgonjwa, sina muda wa kuzunguka. Nikuulize. Unampenda huyo mwanangu, au yule wa kwenye sinema? Maana huku tangu juzi wameshakuja watatu wananiuliza kama yule ameolewa."

Humphrey alimtazama Yasinta. 

"Mama, huyu hapa nimemzoea, nampenda. Yule mwingine ndiyo kwanza nimejulishwa. Ila kama wanatolewa pamoja, nawachukua wote wawili, na padre tunampigia leo."

Mama alimpima kwa lile jicho lake moja.

"Haya, wachukue," alisema. "Yule wa sinema hatakusumbua, ni mtu mwepesi. Wasiwasi wangu ni huyu wa kwangu. Asubuhi usimsemeshe kabla hajanywa chai, baba. Hilo sikufichi."

Yasinta aliangua kicheko, kikubwa, cha sauti yake mwenyewe, mpaka watu waliokuwa wakijaza mafuta wakageuka kutazama. Aliwaona wanamtazama. Akaendelea kucheka.